Mtu wa Kichwa Chini

Haya yalimpata mama yangu mdogo, Asylkan, hapa Karakol, mji ulio chini ya mlima wa theluji, na mimi nilikuwepo. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, chai iko mezani. Mumewe, Sovetbek, alifukiwa na theluji huko malishoni mwaka uliotangulia, mwili haukupatikana. Kila Alhamisi wafiwa wa kwetu hukaanga maandazi ili harufu ya mafuta iwafikie marehemu wao. Mama mdogo alikataa. Kukaanga ni kukiri kwamba amekufa. Alikuwa amechoka hadi mifupani, lakini kila asubuhi aliupekua mlima kwa darubini kuukuu ya shule, ya kutazamia nyota, inayoonyesha kila kitu kichwa chini.

"Macho yamechoka na dunia iliyopinduka," aliniambia. "Wewe msomi, ninyooshee."

Sandukuni mwa darubini mlikuwa na vipande viwili vya kunyoosha taswira. Nilipima shingo ya darubini: milimita ishirini na nne na nusu, kipimo cha zamani, vipande vya siku hizi haviingii. Cha kwanza kilikuwa na kioo bapa. Mlima ulisimama, lakini bango la duka la mkate lilibadilika, kulia kukawa kushoto.

"Miaka minne chuoni, na duka linasomeka kama hirizi!"

"Subiri basi, mama mdogo."

Cha pili kilikuwa prizma, bonge la kioo la kupinda mwanga. Nyuso zake mbili zilikutana kama paa la nyumba. Nikakifunga. Bango likasomeka sawasawa. Nikaelekeza mlimani. Misonobari wima. Farasi wima.

Mtu mmoja, kichwa chini.

Alikuwa akitembea. Kofia yake nyeupe ilielekea ardhini. Buti zilikanyaga hewa.

Nilichomoa prizma. Mlima ukapinduka, farasi wakapinduka. Yeye akawa wima. Anatutazama.

Mama mdogo alinisukuma, akachungulia. "Ni yeye," alinong'ona. "Mabega yake yale."

"Usimwite."

"Sovetbek!"

Kilomita tisa. Asingeweza kusikia. "Anakimbia," alisema mama mdogo. "Anakuja."

Nilifunika darubini, nikafunga madirisha yote. Hakuja mtu. Saa sita nilimsihi mama mdogo akaange. Aliinuka taratibu kama mgonjwa, akabandika mafuta.

"Haya. Nimekubali," alisema, akilia.

Nilikwenda chumbani mwake kumletea shali. Sakafu ilikuwa kavu. Dari halikuwa kavu.

Nyayo za buti, zenye theluji inayoyeyuka. Zilianzia dirishani. Mbili za mwisho zilikaa pamoja, pale darini juu ya mto wa mama mdogo.

Mama mdogo aliingia, akatazama juu muda mrefu.

"Zima jiko," alisema. "Harufu ni ya waliokufa."

Nimepaka dari chokaa mara mbili tangu siku ile. Nyayo bado ni mbichi. Za kurudi hazipo.