Mkanda wa Mjomba

Mama alikuwa nahodha wa boti ya abiria, na kila asubuhi aliwasha injini mapema ili ipate moto. Jumamosi hiyo abiria wake walikuwa na kelele kuliko kasuku: timu ya mpira ya wasichana wa shule, wanavuka maji kwenda kucheza fainali. Kipa wao alikuwa bintiye mwenyewe, Sumaku, aliyeitwa hivyo kwa sababu mpira ukimfika mikononi haubanduki.

"Mbona nasikia harufu ya kitu kuungua?" mama aliuliza, akazima injini haraka.

Fundi wa boti akainua kifuniko cha injini, akanusa. "Mkanda huo, nahodha. Unaungua."

Akaufungua mkanda wa injini, akaugeuza huku na huku. Mzima kabisa! Fundi akakuna kichwa. "Basi itabidi nifungue injini yote. Leo hamwendi popote."

Nyimbo zikakatika. Kapteni wa timu akaanza kulia waziwazi. Mjomba, mkata tiketi, alisimama mlangoni ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Tangu asubuhi alikuwa akiuliza nani kaona mkanda wake.

Sumaku naye akanusa. Mkanda wa injini ni wa mpira, lakini harufu hii ilikuwa ya ngozi! Akakumbuka! Jana jioni aliosha glavu zake, akazifunga nyuma ya bomba la moshi zikauke, ingawa mama alishamkataza kuweka kitu chochote karibu na injini. Akisema, huenda mama akamshusha. Akinyamaza, timu nzima itakosa fainali.

"Mama, fundi hajakosea," alisema. "Ni mkanda kweli. Ila si wa injini, ni wa mjomba. Niliufungia glavu zangu."

Fundi akaingiza mkono nyuma ya bomba, akatoa glavu kavu na mkanda uliojikunja, mweusi kama mkaa.

"Mkanda wangu jamani!" Mjomba akaupokea kwa mikono miwili, na suruali akaja kuidaka magotini. Boti nzima ikaangua kicheko, mama naye akacheka mpaka akafuta machozi.

Kisha akamshika Sumaku bega. "Mwanangu, ungetuchoma sote. Kesho utasugua boti hii kutoka mbele mpaka nyuma. Lakini umesema ukweli huku ukijua unaweza kukosa mechi, na ndiyo maana tunaondoka. Ukikosea, sema mapema, kabla watu hawajaumia. Haya, vaa glavu zako."

Siku hiyo uwanjani mjomba alishangilia kuliko wote, mikono yote miwili juu, suruali imefungwa kwa kamba ya boti.