Wino Uliokolezwa

Asubuhi katika nyumba ile ilikuwa ni kutafutana na vitu. Bibi alitafuta ndara ya mguu wa kushoto. Mama alitafuta miwani, na mara nyingi ilikuwa kichwani mwake. Karani, msichana wa miaka kumi na miwili, alitafuta soksi ya pili huku amevaa ya kwanza. Kitu kimoja tu hakikutafutwa kamwe, nacho ni joho jeusi la Mama. Lilining'inia nyuma ya mlango wa sebuleni, limepigwa pasi, likisubiri siku za mahakamani.

"Mwanangu, ukiiona miwani yangu uniambie," Mama alisema, akinywa chai kwa kusimama.

"Iko kichwani, Mama."

"Nilikuwa nakupima macho."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Wakili mzima," akasema, "na kesi ya miwani inakushinda kila siku."

Mama alikuwa wakili kweli. Jumatatu mpaka Ijumaa alifanya kazi ofisini. Jumamosi asubuhi aliazima darasa katika shule ya msingi ya mtaa, akawasikiliza watu wasio na uwezo wa kuweka wakili. Ungewaona watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga ubao, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Wajane, wafanyakazi waliofukuzwa, wazee waliosukumwa nje ya viwanja vyao. Mama aliwasikiliza wote mpaka mwisho, hata wale wa kuanzia hadithi kwa babu yao.

Binti yake ndiye aliyegawa namba, akaandika majina kwenye majalada na kupanga karatasi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata walimu walimwita aandike mbao za matangazo. Ndiyo maana watu wa Jumamosi walimpachika jina la Karani, nalo likamganda mpaka nyumbani.

Mama alikuwa amempa sharti moja. "Penseli, tena juu ya jalada tu. Karatasi ya mtu haiguswi. Iwe imechanika, iwe ina doa la chai, tunaipokea ilivyo."

"Ndiyo, Mama," Karani alijibu, kama watoto wanavyojibu maneno yanapoingia sikio hili na kutokea lile.

Miongoni mwa watu wa Jumamosi alikuwemo Mama Cherehani, fundi aliyeshona sare za nusu ya shule. Alizoea kuzungumza huku amebana pini midomoni, na hakuwahi kumeza hata moja. Aliishi na kufanyia kazi katika chumba alichopewa na bibi mmoja mzee. Alikuwa amemuuguza bibi huyo miaka sita kama mamake mzazi. Kabla ya kufariki, yule bibi aliandikisha karatasi kwamba chumba kile ni cha fundi, akatia sahihi kwa mkono wake. Sasa alikuwa amejitokeza mpwa wa marehemu, mtu ambaye hakuonekana hata siku moja ya ugonjwa. Alidai kuwa karatasi ile ni ya kughushi na chumba ni chake. Kesi ingesikilizwa Jumatano.

Jumamosi ile, Mama Cherehani alileta karatasi yenyewe halisi, ikiwa ndani ya kopo la vifungo. "Nimeitunza kuliko meno yangu," akasema. "Bila hii, mimi na cherehani yangu tuko barabarani."

Jumapili alasiri Mama alisinzia kitini kwa uchovu wa wiki, majalada yakiwa mezani. Karani akaanza kuyapanga. Alipofungua jalada la fundi, huruma ikamwingia moyoni. Tarehe ilikuwa imefifia, na sahihi ya yule bibi ilikuwa imebaki kama kivuli. Hakimu ataionaje hii? akawaza. Akachukua kalamu nyeusi. Akapitisha wino juu ya sahihi, polepole, ulimi nje kama afanyavyo akichora ramani. Kisha akakoleza tarehe. Namba ya pili haikusomeka vizuri. Ilikuwa moja au saba. Akaikazia macho, akaamua ni moja, akaandika kumi na moja.

Akapuliza wino ukauka. Alijisikia mtu wa maana sana, akairudisha karatasi mahali pake.

Jumanne, baada ya masomo, alipitia kwa Mama Cherehani kuchukua sketi yake iliyoongezwa urefu. Chumba kilikuwa kidogo lakini hakikukosa kitu: cherehani mlangoni, sare zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, kitanda nyuma ya pazia la maua.

"Kesho ndiyo kesho, Karani," fundi akasema, safari hii bila pini mdomoni. "Nilikuwa na hofu kwa sababu wino umefifia. Lakini mamako, Mungu amzidishie, alinituliza. Akaniambia wino kufifia si kosa, maana unaonyesha karatasi ni ya siku nyingi. Kibaya ni mtu kuigusa. Ikiguswa, akasema, wataiita ya kughushi, na hatutakuwa na la kusema."

Karani alikumbuka ile kalamu nyeusi. Alipokea sketi, akashukuru kwa sauti ambayo hakuitambua, akaondoka.

Njia nzima alikuwa akibishana na nafsi yake. Labda hawataona. Mwandiko wake ni mzuri, nani atajua? Kisha akaona tena lile pazia la maua, akamfikiria fundi akilikunja na kulitia kwenye mfuko. Alipofika nyumbani alikuta Mama amewahi kurudi, anakatakata vitunguu jikoni, na Bibi anachambua mboga.

"Mama," akasema mlangoni, bila kuvua viatu. "Nimeiandika karatasi ya Mama Cherehani."

Kisu kikasimama. Karani akaeleza yote: kalamu, sahihi, tarehe, namba aliyoibahatisha. Machozi yalimtoka kabla hajafika mwisho, lakini alifika mwisho.

Mama alinawa mikono, akaenda kulifungua jalada. Akaiinua karatasi ile kwenye mwanga wa dirisha, akaichunguza mstari kwa mstari.

"Ulikuwa na uhakika ni moja?" Mama akauliza hatimaye.

"Hapana. Nilibahatisha."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Vaa sweta. Tunakwenda kumwambia mwenye karatasi. Yeye ndiye wa kwanza kujua."

Mama Cherehani alipowaona wote wawili mlangoni alijua si habari ya sketi. Karani alirudia maneno yake tena, na mara ya pili yalikuwa mazito zaidi. Fundi aliketi kitini kwake, mkono juu ya gurudumu la cherehani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama Wakili, mtoto hakukusudia ubaya. Je, tukinyamaza? Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Mama akajibu. "Nikivaa lile joho, nimeahidi kutompa hakimu kitu ninachojua kimeguswa. Nikimficha leo kwa ajili yako, kesho hataniamini nikimsemea mjane mwingine. Tena kosa si la mtoto peke yake. Karatasi ya mteja niliiacha wazi mezani nikalala. Nisamehe, dada yangu. Nitasema ukweli, halafu nitapigania chumba chako kwa nguvu zangu zote."

Fundi alimtazama Karani, ambaye alikuwa anatazama sakafu, sketi ile bado mkononi. "Haya," akasema. "Ulikuja mwenyewe. Njoo hapa ufute kamasi, usichafue sketi niliyohangaika nayo."

Jumatano Karani hakwenda shule. Mama alikuwa amempigia mwalimu mkuu akamwomba ruhusa. Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi marefu, feni lililozunguka kivivu, na hakimu, mama mnene mwenye nywele za mvi. Mpwa wa marehemu aliketi upande wa pili. Wakili wake, bwana mrefu mwenye kioo cha kukuzia maandishi, alikuwa amekwisha kuikagua karatasi asubuhi hiyo na kuilinganisha na nakala aliyopewa mwezi uliopita, iliyofifia vilevile. Alikuwa akitabasamu peke yake.

Mama alisimama kabla hajaulizwa kitu. "Mheshimiwa, kabla ya yote nina jambo la kuiambia mahakama dhidi yangu mwenyewe." Akaeleza, hakuacha kitu. Kisha akaomba mtoto asikilizwe.

Hakimu aliinama mbele. "Unajua maana ya kusema kweli?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Karani akajibu. "Ni kusema ulichofanya, hata kama unatamani usingekuwa umekifanya." Akasimulia kwa mara ya tatu, mpaka ile namba aliyoibahatisha kuwa moja.

Wakili mrefu alisimama, akakiweka kioo chake mfukoni. Lile tabasamu lilikuwa limepotea. "Mheshimiwa, nilikuwa nimeona wino wa aina mbili. Nilikuwa nimeandaa maswali kumi na mawili, na vyeti vya hospitali vinavyoonyesha kuwa marehemu alikuwa amelazwa mpaka tarehe kumi na nne. Ningeuliza mgonjwa wa hospitali alitiaje sahihi nyumbani kwake tarehe kumi na moja. Mwenzangu ameyamaliza maswali yangu yote kabla sijaanza."

Karani alimtazama Mama. Sasa alielewa. Wangenyamaza, namba yake moja ingemtoa fundi chumbani siku hiyo hiyo.

Hakimu alimkaripia Mama kidogo kwa kuacha hati ya mteja mezani, naye Mama akainamisha kichwa akakubali. "Hata hivyo," hakimu akasema, "karatasi hii peke yake haitoshi tena. Aliyeiandika yuko wapi? Nawapa wiki mbili mumtafute. Shauri linaahirishwa."

Mwandishi wa karatasi alikuwa muuguzi wa zahanati aliyekuwa akimhudumia yule bibi nyumbani. Alikuwa amestaafu na kuhama, na zahanati haikujua aliko. Mama alimtafuta saa za chakula cha mchana, akapiga simu mpaka sikio likawa jekundu. Wiki ikaisha bila kitu. Usingizi ulimkimbia Karani, na chumbani kwa Mama Cherehani mashine ilianza kusimama mara kwa mara, mwenyewe akitazama barabarani.

Ndipo Jumamosi, kabla ya kugawa namba, Karani akasimama mbele ya darasa na kuwauliza wote waliobanwa kwenye madawati kama kuna anayemjua muuguzi yule. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walikuwa wamepata msaada wa Mama kwa miaka, na leo Mama ndiye aliyekuwa na shida. Mzee mmoja aliyerudishiwa kiwanja chake mwaka uliopita akasema atauliza msikitini. Mjane mmoja akasema atauliza kanisani. Mpishi wa shule akaahidi kuuliza kwa wapishi wenzake, na wapishi, akasema, hawapitwi na habari. Jumanne jioni simu ililia. Muuguzi amepatikana, anaishi kwa mwanawe, mwendo wa saa tatu kwa basi.

Siku ya shauri muuguzi alifika na mkoba mkubwa, na ndani ya mkoba mlikuwa na daftari la zamani. "Mimi kila nilichoandika niliweka karatasi ya kaboni chini yake, nikabaki na nakala," akamwambia hakimu. "Wenzangu walinicheka kazini miaka thelathini." Akafungua ukurasa. Maneno yote yalikuwepo, na sahihi ya yule bibi, na tarehe: kumi na saba. Siku tatu baada ya kutoka hospitali. Wakili mrefu aliitazama nakala kwa kioo chake pande zote, kisha akaketi.

Hakimu aliamua kwamba chumba ni cha Mama Cherehani.

Nje, kwenye ngazi, fundi alimkumbatia muuguzi, akamkumbatia Mama, na mwisho akamvuta Karani akamkumbatia mpaka pumzi ikamwishia. "Asante," akamnong'oneza. Karani alishangaa. Yeye ndiye aliyepaswa kushukuru, kwa kusamehewa. Akalia tu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Mama akiwa amelikunja joho mkononi.

"Mama, hukunigombeza hata mara moja."

"Ulijigombeza vya kutosha." Mama akatembea hatua chache. "Sikiliza, mwanangu. Wema wako nauona. Lakini ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza, hasa kitu kikiwa si chako. Na ukikosea, mwambie aliyekosewa mapema, wakati bado kuna la kufanya. Ulipokuja jikoni siku ile bila kuvua viatu, ulitupa nafasi ya kurekebisha. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa kesi yenyewe."

Jumamosi iliyofuata Karani alikuwa mahali pake, na kifuko kipya cha kitambaa cha sare kikining'inia shingoni. Mama Cherehani alikuwa amemshonea. Kilitosha penseli moja tu. Bibi mmoja akaweka mezani hati iliyofifia kabisa.

"Mjukuu wangu, wanasema una mwandiko mzuri. Nikolezee hapa kidogo, macho ya wakili yasihangaike."

Karani aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaitia ndani ya jalada jinsi ilivyo.

"Hapana, Bibi," akasema. "Macho ya wakili ni mazima. Ni miwani tu ndiyo humpotea."

Akachomoa penseli, akaandika jina la bibi yule juu ya jalada.