Alikunywa Ukweni, Akafungwa Kiomboi

"Funga mlango kwanza," alisema Mzee Gaspari.

"Baba, wodi hii haina mlango."

"Basi sogea hapa."

Anastazia akasogea. Baba yake alikuwa amelala chali, mguu wa kulia una plasta mpaka juu ya goti, umening'inizwa kwa kamba kama nyama buchani.

"Keshokutwa kesi ya Alute inasomwa," Mzee Gaspari alinong'ona. "Wamekuita utoe ushahidi. Ukiulizwa, sema alifika kwetu amekwisha lewa."

"Hakuwa amelewa, baba."

"Sikukuuliza alikuwaje. Nakuambia utasemaje."

"Lakini pombe ulimpa wewe!"

"Punguza sauti! Unataka wanivue ubalozi?"

Hapo ndipo mtoto wa watu alipobanwa, wajukuu zangu. Mwaka ule watu walikuwa wametoka tu kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Misigiri, na Mzee Gaspari ndiye balozi wa nyumba kumi. Kila asubuhi alipita na filimbi mdomoni akitangaza, "Shambani wote! Pombe ni marufuku mpaka saa kumi jioni!" Wanawake wawili waliokutwa na mtungi mchana aliwapeleka mwenyewe kulima shamba la kijiji kwa adhabu.

Na siku Alute alipokuja kujitambulisha ukweni, jua lilikuwa utosini na kibuyu cha pombe ya mtama kilikuwa kinazunguka sebuleni kwa balozi huyo huyo.

Alute alikuwa dereva wa lori la kijiji, kijana Mnyaturu kutoka Ilongero, mpole, mcheshi. Alikuja moja kwa moja kutoka kushusha mtama, shati limepigwa pasi, lori kaliegesha nje.

"Mzee, mimi naomba unisamehe kwenye pombe," alisema siku ile. "Nina lori."

"Kwani lori ndilo linalokunywa?" Wazee wakacheka mpaka wakakohoa.

"Mimi ndiye ninayeliendesha, mzee. Na sheria ya barabarani siku hizi ni kali."

"Wewe unaendesha, mimi naoza binti. Kila mtu na kazi yake. Anastazia! Mpelekee mwenzio."

Katika nyumba ile, mchumba akikataa kibuyu ni kama amesema wenye nyumba ni wachawi. Anarudi na ng'ombe wake. Anastazia alilijua hilo. Alipiga magoti, kibuyu mkononi, akamwinamia.

"Kunywa kidogo tu, yaishe," alimnong'oneza.

Alute akanywa kidogo. Wazee wakamwongeza. Akanywa tena. Wakamwongeza. Macho yalipokuwa yamemlegea, Mzee Gaspari akasimama na kujikung'uta.

"Sasa mkwe, nipeleke Misigiri. Nina mkutano wa chama."

"Mzee, nimekunywa. Twende kesho."

"Mkwe gani huyu, vibuyu viwili anataka kubembelezwa alale? Washa gari!"

Akaliwasha. Hawakufika. Penye kona ya korongo lori lilikwenda moja kwa moja kana kwamba kona haipo. Mguu wa Mzee Gaspari ukabaki chini ya bodi la lori. Alute alitoka na mkwaruzo mdogo kwenye paji la uso. Polisi walipomfikisha Kiomboi, daktari alimtembeza juu ya mstari wa chokaa, naye akauacha mstari hatua za mwanzo tu.

Sasa binti ndiye aliyevutwa na pande zote.

Mama yake, Mama Martha, alikuwa anamsubiri nje ya hospitali na chungu cha uji.

"Mwanangu, baba ni mmoja. Wanaume wapo."

"Na Alute ni mmoja, mama."

"Ukimwaibisha baba yako mbele ya hakimu, mimi nitalala wapi?"

"Na mimi nikimzika mwenzangu kwa uongo, nitalala wapi?"

 Mama Martha aliingia ndani na uji wake.

Anastazia akavuka barabara hadi kituo cha polisi. Koplo Simoni, mtu wa pale pale, akamruhusu asimame kwenye dirisha la mahabusu. Dirisha lilikuwa juu, vidole vya Alute tu ndivyo vilivyoonekana kwenye nondo.

"Umekula?"

"Nimekula. Mzee anaendeleaje?"

"Mzee anaendelea kuliko mimi." Anastazia akainua uso dirishani. "Kitendawili."

"Tega." Vidole vikatabasamu, kama vidole vinaweza.

"Nina nyumba ya milango miwili. Wa mbele kaufunga baba, wa nyuma kaufunga polisi."

"Mahabusu?"

"Hapana."

"Nimeshindwa. Nakupa mji wa Singida wote."

"Sitaki Singida. Jibu ni mimi, Alute. Baba anataka niseme ulikuja umelewa. Nikisema hivyo utaonekana mlevi wa siku zote, utafungwa miaka. Nikikataa, sina kwetu."

Koplo Simoni akakohoa, kuashiria muda umekwisha.

"Usihangaike," alisema Alute. "Mimi nitakufungulia mlango mmoja."

"Upi?"

"Nenda kapumzike, Anastazia."

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Mzee Gaspari alibebwa kwenye kiti, akawekwa mbele, mguu umenyooka kuelekea kwa hakimu. Hakimu alikuwa mtu mfupi, mkavu, miwani puani.

"Mshitakiwa, unashitakiwa kuendesha gari ukiwa umelewa na kumjeruhi mtu. Kweli si kweli?"

"Kweli, mheshimiwa."

Watu wakaguna. Hakimu akainua miwani.

"Pombe ulinywea wapi?"

"Njiani, mheshimiwa. Nilipotoka kushusha mtama, kabla sijafika kwa mzee. Nilijinunulia mwenyewe. Hakuna aliyenishurutisha."

"Kabla hujafika kwa mzee?"

"Ndiyo."

Mzee Gaspari akashusha pumzi ndefu. Mama Martha akajifuta uso kwa kanga. Hakimu akasema kwa kuwa mshitakiwa amekiri, mashahidi hawahitajiki, wanaweza kwenda.

Mlango ndio huo, wajukuu zangu, umefunguliwa. Anastazia angeweza kutoka, akapanda lori la Misigiri, na hakuna kiumbe ambaye angemnyooshea kidole. Alisimama kweli, akakaza kanga kiunoni. Lakini miguu ilikataa kutoka.

"Mheshimiwa, huyu anadanganya."

Mahakama yote ikageuka.

"Anastazia, kaa chini!" Alute alimkemea.

"Sikai! Nani alikutuma unisemee? Mheshimiwa, pombe ilikuwa ya kwetu. Mama aliipika, baba aliimimina, mimi nilipiga magoti nikampa. Alikataa. Mimi ndiye niliyemwambia anywe kidogo yaishe. Na alipotaka kulala, aliambiwa awashe gari."

"Aliambiwa na nani?"

 Alimtazama baba yake, na baba yake aliutazama mguu wake.

"Na balozi," alisema.

Mtu mmoja nyuma akacheka, "Mwenye filimbi!" Hakimu akagonga meza.

"Mzee Gaspari, binti yako anasema kweli?"

 Mzee alijaribu kuinuka, akasahau mguu, akarudi kitini kwa maumivu.

"Mtoto huyu sikumfundisha uongo," alisema. "Juzi ndiyo nilijaribu, akanishinda."

Hakimu aliandika, akavua miwani.

"Mshitakiwa, nimesikia ulivyobanwa, na nimekupunguzia. Lakini waliokubana hawakushika usukani. Ulioshika ni mkono wako. Angekufa huyu mzee, ungemrudisha kwa kusema nililazimishwa? Jela miezi sita, na leseni nakufungia miaka mitatu. Mzee, habari zako nazipeleka kwa katibu wa kijiji."

Alute alipopita akiwa na pingu, alimwambia Anastazia, "Mkaidi wewe."

"Na wewe mwongo," akajibu, huku machozi yanamtoka.

Ubalozi ulikwenda, na filimbi ikaenda nayo. Mzee Gaspari hakumfukuza binti yake, ila alikula naye meza moja bila neno, na kimya kile kilimbana kuliko matusi. Mwishowe Anastazia akafunga nguo zake, akaenda Ilongero kumsaidia mama yake Alute kuvuna uwele.

Alute alitoka jela amekonda. Juma lile lile Mzee Gaspari akatokea Ilongero na mkongojo, kajaa vumbi la barabara mpaka kope.

"Shikamoo baba," Anastazia akapiga goti.

"Marahaba. Umekuwa ukilima kwa watu ambao hawajakuoa. Aibu gani hii? Fungasheni. Harusi ni kwangu."

"Umenisamehe?"

"Nimekuja na mguu huu kutoka Misigiri, unaniuliza maswali ya shule?"

Siku ya harusi kijiji kilileta lori jipya. Vijana wakamzunguka Alute.

"Bwana harusi, shika usukani! Polisi wako mbali. Ni siku moja tu!"

"Nimezuiwa," alisema Alute. Akapanda nyuma, akampa mkono bibi harusi, wakakaa juu ya gunia la alizeti.

Mzee Gaspari yeye hakupanda. Alichechemea hadi mlango wa mbele, akamwita dereva mgeni.

"Wewe, kijana. Umekunywa?"

"Hapana, mzee."

"Toa kichwa nje. Nipumulie."

"Mzee, jamani, watu wanatazama..."

"Wacha watazame. Humo nyuma kuna mwanangu na mkwe wangu. Pumua!"