Uzito wa Upande wa Kushoto

Walitoa kiti, gari likazidi uzito.

Gramu alidhani ni mizani. Akaizima, akaiwasha, akapangusa vumbi kwenye kila bapa, akalisukuma gari nyuma na kulirudisha mpaka kila gurudumu likakaa juu ya mizani yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa gereji nzima, na hapakuwa na mtu ndani ya gari. Namba zikawa zilezile. Kiti cha abiria walichokitoa jana kilikuwa na kilo kumi na nne, kwa hiyo gari lilipaswa kushuka kutoka mia saba na nne hadi mia sita tisini. Lilikuwa limepanda hadi mia saba na arobaini, kilo hamsini zaidi ya ilivyopaswa, na nyongeza yote ilikuwa upande wa kushoto, pale pale kiti kilipokuwa.

"Labda umesahau spana humo ndani," mkewe alimtania.

"Spana ya kilo hamsini?"

"Mimi sijui. Gramu ni wewe."

Jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miezi minane yeye na mkewe walikuwa wanaligeuza gari dogo la zamani kuwa gari la mashindano, kwa mikono yao wenyewe, katika gereji ya mabati nyuma ya nyumba. Walilikuta limelala miaka kumi na moja kwenye ua wa mzee mmoja aliyefariki. Gramu alikuwa ameng'oa zulia, redio, viti vya nyuma na vitambaa vya milango. Bolti ndefu alizikata ncha, akazipima kiganjani huku akitabasamu peke yake. Mama yake, aliyekuwa akiishi nao, alisema mwanawe akiendelea hivyo mke atakwenda mashindanoni ameshika usukani mtupu.

Mkewe alicheka kidogo tu. Dereva alikuwa yeye, na kila mtu mtaani alimwita hivyo, Dereva, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli. Mashindano yalikuwa Jumamosi, daraja la magari yasiyozidi kilo mia saba. Tangu utotoni hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kukaa kwenye mstari ule wa kuanzia.

Mchana huo alilitoa gari kulijaribu kwenye barabara ya vumbi nyuma ya maghala. Alirudi mapema. Alizima injini akabaki ameshika usukani, na alipoteremka harufu ilimfuata nje, harufu tamu ya marashi yaliyochacha, katikati ya gereji iliyonuka petroli na chuma kilichochomelewa.

"Kona za kulia gari liko sawa," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba aliogopa kusikiwa. "Kona za kushoto kuna kitu kinanijia. Kinaniegemea hapa." Akagusa bega lake la kushoto.

"Ni kona tu hiyo. Hata maji kwenye ndoo huegemea."

"Maji hayapumui sikioni, mume wangu."

Alipofungua vifungo vya ovaroli, begani palikuwa na wekundu mpana, kama mahali palipolaliwa na kichwa cha mtu. Gramu alipaangalia kwa muda. Kisha, Mungu amsamehe, akarudi kupima springi. Kuna watu wa namna hiyo, wakiona namba haikubali humsahau hata mwenye maumivu.

Siku ya pili alifungua springi zote mbili za kushoto, akazisafisha, akazirudisha. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Gramu alikuwa ameinama mezani akitafuta spana namba kumi na tatu. Akasikia springi ikilia, kwii, taratibu, kama inavyolia mtu mzima anapojishusha ndani ya gari.

"Nani huyo anaingia?" mama aliuliza.

"Hakuna mtu, mama."

"Mwanangu, mimi nina macho. Gari limelala upande mmoja."

Gramu aligeuka. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka nusu ya kiganja. Walipokuwa wakiangalia ulipanda, ukashuka tena, ukapanda, kama abiria anayejisogeza huku na huku akitafuta pa kuweka makalio na asipate. Mama alisimama, maharage yakamwagika yote sakafuni, wala hakuyaokota.

"Mficha uchi hazai," alisema kwa kunong'ona. "Tafuta mtu anayejua. Yule mtoto wa watu ataumia humo."

Aliyejua alikuja Alhamisi, naye alikuja kwa kazi nyingine kabisa. Alikuwa mshona viti, mama wa makamo mwenye mikono mipana, ambaye Dereva alimwita aje kupunguza sponji ya kiti cha dereva. Wenye shida zisizo za viti walimfuata pia, na hakuwahi kumfukuza mtu. Alipoingia gerejini alinusa, akaweka begi lake chini. Macho yake yalikuwa kwenye kiti cha abiria kilichotupwa pembeni, kimefunikwa na mabati.

"Hiki nilikishona mimi," alisema. "Mara mbili. Mzee wa gari hili aliniletea. Kila akitaka kuondoka, alikuwa anafungua kwanza mlango wa kushoto, anangoja kidogo, anaufunga, ndipo anazunguka kuingia kwake. Tulikuwa tunamcheka sana."

"Alikuwa anamfungulia nani?" Dereva aliuliza.

Mshona viti alisogea mpaka mlango wa kushoto, akaupiga hodi kwa kidole kimoja, akasema kwa adabu, "Hodi, mwenyewe. Tunaomba radhi." Kisha akanyoosha mkono ndani, pale palipokuwa patupu. Aliurudisha haraka, akaupangusa kwenye kanga yake.

Aliwatoa nje, juani, akaongea karibu kwa kunong'ona. "Ni jini, na si mbaya. Alikuwa na mahali pake, mmempokonya. Mgeni akikaa kwa raha humsikii hata uzito wake. Ni huyu asiye na pa kukaa ndiye anayelemea. Sasa anatafuta. Kirudisheni kiti kama kilivyokuwa, sponji yake, chuma chake, kila kitu. Atatulia. Wiki ijayo nitakuja nimsomee, nimwombe aondoke na kiti chake, nami nitakipeleka panapostahili."

"Na mashindano?" Gramu aliuliza. "Ni keshokutwa."

"Akiwa ametulia, endesheni tu. Lakini msimfanyie ujanja. Huyo hapendi kudharauliwa."

Dereva alimshika mumewe mkono. "Umesikia? Usipokirudisha siendeshi. Nataka kukimbia, Mungu ndiye anajua ninavyotaka, lakini ule mwili siutaki tena begani kwangu. Naogopa, Gramu. Sijawahi kuogopa gari maisha yangu."

"Nitakirudisha," alisema.

Na alikusudia kweli. Ijumaa alikibeba kiti mpaka kwenye mizani, mazoea hayaachi, akaona kilo kumi na nne zilezile. Mia sita tisini kujumlisha kumi na nne. Kilo nne tu zilizidi. Kwa kilo nne miezi minane ingepotea, na mkewe angerudishwa pale langoni mbele ya wale waliomwita Dereva kwa kejeli. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Akasema moyoni kwamba kiti ni kiti. Akachana kitambaa, akatoa sponji yote, akachukua drili akautoboa mfupa wa kile kiti, tundu baada ya tundu, pembeni, mgongoni, chini, mpaka chuma kikawa kama chekeche. Kilo saba. Akakivisha kitambaa chake cha zamani, akakishona kwa uzi mweusi, akakifunga mahali pake. Akasubiri springi ilie. Haikulia. Harufu ya marashi ilikuwa imekatika kabisa, na gari lilikaa sawasawa pande zote. Alishusha pumzi kwa furaha.

Mkewe alikuja jioni akiwa na chai. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa.

"Umekirudisha kama alivyosema?"

"Nimekirudisha."

"Asante," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Nilijua hutaniacha." Akaingia ndani ya gari, akakaa kwenye kiti chake, akafumba macho kujaribu kama woga umekwisha. Mara akashtuka mwili mzima, kama mtu aliyemwagiwa maji shingoni. Akacheka, akasema ni baridi tu.

Jumamosi wakaguzi walilipandisha gari kwenye mizani yao, likasoma mia sita tisini na saba, na Gramu alirukaruka kama mtoto, akamkumbatia mama yake, akapeana mikono na watu asiowajua, na katikati ya furaha hiyo yote akamwona mkewe anakuja kutoka upande wa mahema, ameshika helmeti, anatembea polepole sana, na nyuma yake kwenye vumbi nyayo zake zilikuwa zimezama, zimezama kuliko za wanaume wote waliopita hapo.

"Mbona umechoka?" alimuuliza.

"Bega tu. Sasa ni mabega yote." Alijaribu kutabasamu. "Tangu jana najiona mzito. Ni woga wa mashindano, sivyo? Gari limepima vizuri?"

"Limepima vizuri," Gramu alisema, akizitazama zile nyayo.

Aliingia, na springi ikalia, kwii, na gari likalala, safari hii upande wa kulia, upande wa dereva, likalala mpaka tairi likagusa bodi, na Gramu akaelewa kila kitu kwa mara moja, akaelewa zile kilo hamsini zilikokwenda, na alikuwa hatua sita tu kutoka kwa mtu wa bendera, angeweza kupiga kelele, angeweza kulala mbele ya magurudumu kama mwendawazimu, lakini kupiga kelele kulitaka aseme ni kwa nini, mbele ya mkewe, mbele ya mama yake, na wakati anatafuta maneno ambayo yasingemwaibisha bendera ilishuka.

Mzunguko wa kwanza gari lilijiburuta, likivutwa kulia, cheche zikiruka chini yake kwenye kila tuta, na magari yakalipita. Mzunguko wa pili sauti ya injini ilikuwa ya kuumwa, na kila lilipopita mbele yake Gramu aliona helmeti ya mkewe ikitikisika ndani, kushoto, kulia, kama mtu anayekataa, anayekataa jambo ambalo anaendelea kulazimishwa, na mama yake alikuwa amemshika mkono anamwambia mwite, mwite atoke, yule anapigana na kitu, na yeye anaita jina la mkewe na sauti yake inamezwa na injini ishirini. Kisha, kwenye kona ya mwisho ya kushoto, helmeti ikatulia. Gari likainuka. Lilinyooka likawa jepesi, jepesi kama alivyoliota miezi minane, likayapita magari matatu kwenye mstari mmoja, na watu wakasimama wakipiga makofi. Wa kwanza au wa pili, Gramu hakuangalia. Alikuwa anakimbia.

Alimkuta ameshafungua mlango. Akamtoa kwa mikono yake miwili, akambeba begani kama alivyokuwa akimbeba enzi za uchumba, naye alikuwa mwepesi. Alikuwa mkewe yuleyule mwembamba, hana hata gramu moja ya ziada. Gramu alicheka kwa sauti, akalia, akamgeukia mama yake amwambie yamekwisha.

Mama hakuwa anacheka. Gramu naye polepole kicheko kikamfia mdomoni, kwa kuwa aliyakumbuka maneno ya mshona viti kuhusu mgeni aliyekaa kwa raha.

Mkono wa mkewe ulikuwa unampapasa mgongoni, taratibu. Mdomo ukasogea sikioni mwake, na pumzi ilinukia marashi.

"Kiti hiki hakina matundu," ilisema sauti.