Shingo ya Naima

Asubuhi hiyo mimi na mdogo wangu Naima tulibangua korosho nyumbani kwetu Kitomanga, yeye akinitania tangu kulipokucha. Adhuhuri tukasali. Aliposujudu, mtandio ukamteleza, nikaona donge la zambarau limemtoka shingoni, ukubwa wa yai. Alipoinuka, likatoweka.

Jirani walipoliona nao, wakaamua: jini huyo, hapendi sala. Watu wetu kwa kuhukumu hawajambo!

Nilimpeleka hospitali. Dokta Agnes akamwinamisha, donge likajaa, akalibonyeza, likanywea. Akampima kwa ultrasaundi.

"Ni mishipa ya damu, amezaliwa nayo imejisokota," alisema. "Akiinama inajaa. Jumatatu ijayo aende Dar, watamchoma sindano ya kuiziba. Kwa sasa asali amekaa kitini. Na wembe usiguse hapa, atatoka damu mpaka afe."

Nilimweleza mama yote, akaitikia. Lakini Naima kusali kitini kukawa ushahidi kwa mtaa mzima, na mama akalegea.

Jumamosi nilirudi kutoka shambani nikamkuta Mzee Pazi, mpiga chuku anayechanja watu na kuwafyonza damu kwa pembe, amekaa mkekani na pembe yake.

"Shikamoo, mzee. Daktari amekataza."

"Marahaba. Daktari kaona damu," alinong'ona. "Mie namwona anayeinywa."

Mama akaniambia nishike kichwa cha Naima. Nilikishika. Mola anisamehe, nilikishika kwa mikono yangu hii.

Chale moja. Pembe ikajaa. Akaibandua. Damu haikusimama.

Nikakandamiza kanga. Ikalowa. Ya pili. Ya tatu.

"Dada, usiniachie."

Sikumwachia. Alipoa mikononi mwangu kabla gari halijapatikana.

Bi Kazija, mwosha maiti, aliniita chumbani. "Mlimkata wapi?"

Nikaishika taa. Nikatazama kulia, kushoto, chini ya sikio. Ngozi ilikuwa nzima. Hapakuwa na chale. Hapakuwa hata na alama ya mwiba.

Mjumbe wa mtaa naye aliingizwa akatazama. Akasema hawezi kumshitaki mtu kwa jeraha ambalo halipo. Nilimtupia kanga zile tatu miguuni, zikidondosha damu, akazikwepa akatoka.

Tukazika. Mama sasa anaapa kwamba Mzee Pazi alimtoa jini, ila alichelewa kuitwa.

Jana Mzee Pazi aliitwa kijiji cha Kilangala. Kuna binti huko, wanasema akisujudu shingo inamvimba.