Kiatu Kilichoshushwa Dirishani

Kijiko kilitetemeka ndani ya kikombe.

Ti-ti-ti.

Giza bado. Shangazi, kama walivyomwita kazini, alinyoosha mkono kabla mwanawe hajaamka. Simu ilikuwa chini ya kikombe, mahali inapolala kila siku.

"Maziwa yamemwagika," Mkuu wa kikosi chake alisema.

Maana yake: mtoto yuko hatarini.

"Wa nani?"

"Wa ofisa wa forodha, yule wa getini. Binti mdogo. Sasa hivi droni imemshushia baba kiatu cha mtoto dirishani. Adhuhuri lori la silaha linapita. Baba akilikagua, hamwoni tena mwanawe. Droni itakuwa juu ya geti inamchunguza. Ikiona askari, basi."

"Wamemficha wapi?"

"Hatujui. Wanairusha kutoka garini, leo hapa, kesho kule. Duka likifunguliwa tu, kanunue droni ya kuifuata. Na uchague kwa akili."

Alimfunika mwanawe shuka. Akamfunika tena, ingawa shuka halikuwa limesogea. Akachomeka bastola chini ya koti.

Dukani kulinuka plastiki mpya na risasi ya kuchomelea nyaya.

"Dada, hii ndiyo dume," muuzaji alisema. "Mapanga manane. Inabeba mfuko wa saruji."

"Inalia?"

"Kama mashine ya kusaga."

"Nyingine."

"Hii ndogo wanapenda wapiga picha za harusi."

"Siendi harusini."

Muuzaji akacheka, akashusha ya tatu. Iliitwa Kipanga. Tumbo lake lilikuwa wazi, lina skrubu nne tu. Mteja anafunga anachotaka.

"Nifungie kamera ya kuona joto. Na kifaa cha kukata mawimbi ya rimoti."

Kicheko kikaisha. "Hicho kina kibali chake, dada."

Kitambulisho cha kazi cha Shangazi kikatua kauntani.

"Vyote viwili ni vizito," muuzaji alisema, sasa kwa adabu. "Itabidi betri iwe ndogo. Haitakaa sana hewani."

"Droni ikikatiwa rimoti inaanguka?"

"Inarudi nyumbani yenyewe. Kawaida ni pale iliporukia. Ila kila mteja na lake. Juzi mmoja kataka nyumbani pawe mahali pamoja tu, pasibadilike, hata akiirushia kuzimu. Bahili yule. Anaogopa kuipoteza."

Shangazi, aliyekuwa akimsaidia kukaza skrubu, aliacha.

"Ipoje?"

"Kijivu. Ina ndoano chini."

Ndoano. Ya kushushia vitu vidogo.

Kama kiatu.

"Nyumbani kwake ni wapi?"

"Alipanga mwenyewe. Hakutaka tuone."

Adhuhuri, juu ya paa la ghala karibu na geti, redio ya Shangazi ilikwaruza.

"Kijivu iko juu ya geti," alisema Kobe, mwenzake, aliyekuwa chini na pikipiki. "Lori linakuja."

Baba alisimama peke yake, mkono mmoja mfukoni. Mfuko ulikuwa umetuna. Shangazi alijua kilichomo, akatamani asingejua.

Kama nyumbani kwake sipo alipofichwa mtoto, tumemuua.

Akabonyeza kitufe cha kukata mawimbi.

Droni ya kijivu ikayumba. Ikasimama hewani.

Kisha ikageuka, kama ng'ombe jioni, ikaelekea nyumbani.

Kipanga ikaifuata kwa juu. Shangazi alishuka ngazi mbio, akarukia pikipiki nyuma ya Kobe, kioo cha kamera mkononi.

"Kushoto. Nyoosha. Kulia."

Taa ya betri ikawa njano. Ikawa nyekundu.

"Itaanguka," Kobe alisema.

"Endesha."

Kijivu ilitua nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Kamera ikaonyesha madoa mawili ya joto mlangoni, makubwa. Nyuma ya ukuta, uani pasipo paa, doa moja dogo limejikunja.

Kioo kikazimika.

Ilitosha.

Mlinzi wa kwanza alikuwa anaishangaa droni iliyorudi bila kuitwa. Simu yake iliita. Rubani wao, kule garini, alikuwa anataka kumwonya. Mlinzi hakuwahi kuipokea. Shangazi alimpiga kwa kitako cha bastola. Wa pili aliona mtutu, akalala chini mwenyewe.

"Mkuu, maziwa yamezoleka."



"Lori tumelidaka," Mkuu alisema redioni. "Rubani wao bado yuko huru."

"Gari lake litahitaji mafuta. Tutaonana naye kituoni."

Alirudisha bastola chini ya koti, akaingia uani, akambeba mtoto. Alikuwa mwepesi mno. Kobe alinyoosha mikono ampokee. Shangazi akampita, akatoka taratibu juani.

Mtoto aliitazama miguu yake.

"Kiatu changu kingine kiko kwa baba."