Vanishi Siku ya Jugo

Jumamosi asubuhi, katika soko kuu la Rijeka, mji wa bandari kule Kroatia, mwanamume mmoja mrefu kama mlingoti alikuwa akimwomba mama muuza viungo kitu ambacho mama yule hakuwahi kuombwa tangu azaliwe.

"Nipe oregano ya zamani kabisa. Iliyopauka. Ile unayoona haya kumuuzia mtu."

"Unanunua au unanitukana?"

"Nanunua, mama."

"Ya kumpikia nani? Mama mkwe?"

Nyuma yake mtu akaangua kicheko. Yule mwanamume, Duilio, akageuka, akakuta koti la kijani, skafu ya manjano, na msuko mmoja mnene ulioshuka begani kama kamba ya meli.

"Mpe tu, mama," dada yule akasema. "Si ya kula. Ni ya kumwaga miguuni pa askari, ionekane majani makavu ya msituni."

"Umejuaje?"

"Mimi natumia majani ya chai yaliyokwisha chujwa. Oregano inanukia. Jeshi lako zima litanukia pizza."

"Vizuri. Adui atashikwa na njaa, atajisalimisha."

Basi, ndiyo yakawa hayo. Wengine hukutana kanisani, wengine kwa daktari. Hawa walikutanishwa na oregano mbovu.

Dada aliitwa Nevija, fundi wa meno ya bandia. Duilio aliendesha kreni bandarini. Mchana ananyanyua makontena, jioni ananyanyua vijitu visivyofika urefu wa kidole gumba. Wote wawili waliwapenda askari wa miguu wa enzi za mikuki na ngao, wale wanaopangwa mezani wakapiganishwa kwa dadu. Watu wazima, ndiyo. Kila mtu na wazimu wake, na huu walau hauamshi majirani.

Nevija alikuwa na brashi ya nywele tatu na mkono usiotetemeka. Akimchora askari macho, utaona kabisa huyu ana wivu na yule hakunywa kahawa. Wa Duilio wote walionekana kama waliofumaniwa bafuni. Lakini kwa vitako, yaani vile vibao vyembamba askari anavyosimamia, hakuwa na mwenzake: mchanga wa kisiwa cha Krk, vijiwe, vinyasi, hata tope lilikuwa la kuaminika.

"Vitako vyako vinapendeza," Nevija alimwambia siku moja.

"Asante. Na mimi nimekuwa nikitafuta namna ya kukwambia."

Skafu ya manjano ikamchapa usoni. Wakabusiana hapo hapo kituo cha basi, na basi likawaacha.

Majira yote ya baridi Nevija alipaka rangi wapiga mkuki ishirini na wanne. Jumanne moja ya mwezi wa tatu akamkabidhi Duilio sanduku, kila askari kazungushiwa karatasi laini.

"Wapulizie vanishi, wawekee vitako, Jumamosi tuwapeleke mashindanoni. Ila kwanza waangalie. Mmoja mmoja. Hasa mstari wa pili."

"Kuna nini mstari wa pili?"

"We jitu, waangalie tu. Halafu nipigie." Na mashavu yakamwiva.

Sasa, bila miwani, kwa Duilio askari wote ni mtu na kaka yake. Akataka kuwaangalia kwa raha, chini ya taa, na kahawa pembeni. Na kwa kuwa vidole vyake havikosi gundi, akaona kwanza azivishe rangi zile vanishi, zisije zikachafuka. Akawapanga kwenye baraza ya ghorofa ya tano, akapuliza mbio mbio, akakimbilia zamu.

Siku hiyo ulivuma jugo, ule upepo wa kusini wenye majimaji, unaouma vichwa na kugombanisha wanandoa. Fundi yeyote wa kazi hii anajua: siku ya jugo kopo la vanishi haliguswi. Unyevu huingia ndani yake, ikaganda ukungu.

Aliporudi, wote ishirini na wanne walikuwa weupe kama waliotumbukizwa kwenye unga. Nyuso hakuna, ngao hakuna. Majira mazima ya baridi ya Nevija! Duilio alikaa sakafuni. Huyu mwanamke ataniacha, akawaza, na atakuwa na haki.

Simu ikalia.

"Umewaangalia?"

"Nimewaangalia," akasema mwongo yule.

"Mstari wa pili?"

"Wote. Wazuri."

"Wazuri tu?"

"Sasa niseme nini, mpenzi? Askari ni askari."

Sauti ikawa ndogo: "Huna neno jingine, Duilio?"

"Nimechoka tu. Kesho nina zamu."

Kesho yake ujumbe ukaja: *Jumamosi nenda peke yako. Sanduku liache kwa bibi yako, nitalichukua Jumapili.* Akapiga simu mara sita. Haikupokelewa.

Akajaribu sabuni, akajaribu mashine ya kukaushia nywele. Wapi! Ijumaa akabeba sanduku hadi kwa bibi yake, Nona Marčela, aliyekuwa anakula saladi ya maharage inayoogelea kwenye mafuta ya zeituni.

"Huyu kafa lini?" Nona akauliza, akimnyanyua askari mmoja.

"Nimemharibu, Nona."

"Kapauka kama babu yako siku ya harusi." Akamsugua kwa kidole gumba chenye mafuta. Akasita. Akamsogeza karibu na miwani. "Duilio. Huyu mtu ana pua yako."

"Pua gani?"

"Iliyopinda. Na masharubu yako mekundu."

Duilio akampokonya askari, na miwani pia. Ukungu ulikuwa umeyeyuka pale kidole kilipopita. Pua yake kabisa! Akachovya kitambaa kwenye mafuta, akamfuta aliyesimama naye mstari wa pili. Chini ya kofia ya chuma ukatokeza msuko mnene, na shingoni skafu ya manjano. Akafuta ngao zao. Zilifanana, zimegawanywa katikati: upande mmoja kreni, upande wa pili jino jeupe na mizizi yake.

Enzi zile watu wakioana, nembo za koo mbili zilikaa kwenye ngao moja, nusu kwa nusu. Hilo hata yeye alilijua.

"Jino la nini?" Nona akauliza.

"Ni posa, Nona. Kaniposa tangu Jumanne. Na mimi nikamjibu askari ni askari."

Nona akatafuna harage lake polepole. "Nilimwambia mama yako huyu mtoto alianguka toka kitandani, akagonga kichwa. Akabisha."

Jioni Nevija alikuwa kwenye karakana yake ya meno, koti jeupe, vumbi la plasta kwenye nyusi. Hakuinua kichwa.

"Nilisema Jumapili."

"Nilikudanganya. Sikuwaona. Niliwapulizia vanishi siku ya jugo, wakaganda, nikaogopa."

Kichwa kikainuka. "Siku ya *jugo*?"

"Ndiyo."

"Duilio! Afadhali ungenikataa!"

"Wote wamepona. Mafuta ya Nona."

"Jeshi langu linanukia saladi?"

"Kidogo." Akafungua kiganja. Wale wawili wa mstari wa pili walisimama juu ya kitako kimoja, mchanga wa Krk, jani moja la oregano miguuni.

Nevija akainama kuwatazama. Katika mchezo wao, waliosimama kitako kimoja hawatenganishwi. Wanasonga pamoja, na wakianguka, wanaondolewa pamoja.

"Gundi imekauka?" akauliza, macho yamejaa.

"Bado. Mpaka asubuhi."

"Basi waweke mezani, we jitu, wala usiwaguse tena." Na akamvuta kwa ukosi wa koti.